Wadudu wa kuokota na hatari zake: mwongozo kamili wa kulisha kinyonga, mjusi na kobe Lubumbashi

Mvua za kwanza zikishuka Lubumbashi, inswa (kumbikumbi) hutoka vichuguuni kwa maelfu. Taa za parseli (viwanja vya nyumba zetu) zinazungukwa na mabawa, watoto wanakimbia na mabeseni, na kila jikoni panasikika mlio wa kikaango. Kwa anayefuga kinyonga, mjusi au kobe, majira hayo yanaonekana kama neema: chakula cha bure mlangoni. Naomba usome mwongozo huu kabla hujamchotea mnyama wako beseni la kwanza.

Mjini kwetu, jambo la kwanza la kujiuliza juu ya mdudu yeyote ni mahali alikotoka. Aina yake inafuata. Panzi wa kijani anayeonekana mzima kabisa anaweza kuwa ameshinda wiki nzima kwenye shamba la mahindi lililopuliziwa dawa, au kwenye majani yaliyofunikwa na vumbi la kiwanda. Macho hayawezi kuliona hilo. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kufuga nyenje wako mwenyewe nyumbani, kazi ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaiweza. Lakini kwanza tuelewe tunakimbia nini.

Hatua ya 1: Hakikisha mnyama wako anahitaji wadudu

Kinyonga anaishi kwa wadudu, na anawataka wakiwa hai, wanatembea. Mijusi wengi wadogo ni vivyo hivyo.

Kwa kobe lazima uangalie ni kobe gani. Kobe mkubwa mwenye madoa meusi na manjano, yule wa maeneo makavu ya nyasi, ni mla majani. Mpe nyasi, magugu na majani ya maboga, na umwache hapo. Wadudu, nyama na mabaki ya mezani vinamjaza protini ambayo figo zake hazikuumbwa kuibeba. Kobe mdogo mwenye gamba linalokunjika nyuma kama bawaba ni tofauti: yeye hula uyoga, matunda yaliyoanguka, konokono, minyoo ya ardhini, hata jongoo. Huyu wadudu kidogo wanamfaa.

Na neno la sheria nisiliruke. Vinyonga na kobe wa nchi kavu wamo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, na Kongo ina sheria ya uhifadhi wa mazingira ya mwaka 2014. Usimtoe mnyama porini ili umfuge. Kama tayari unaye, ulizia hali ya kibali chake kwa mamlaka za uhifadhi, ICCN.

Hatua ya 2: Lijue eneo lako kabla ya kumjua mdudu

Lubumbashi ilizaliwa na shaba. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911, na kwa miaka mingi moshi wake ulisukumwa na upepo unaovuma sana kutoka kusini-mashariki. Udongo wa upande wa kaskazini-magharibi ya kiwanda, kuelekea kartie Gécamines na Penga Penga, ulipokea shaba, kobalti, zinki, risasi, kadmiamu na aseniki. Metali haziozi. Zilizoanguka zamani za babu zetu bado zimo katika tabaka la juu la udongo, na kila msimu wa kiangazi upepo unaziinua tena kuwa vumbi. Ongeza hapo machimbo, malori ya madini, na watu wanaopepeta na kuosha madini kando ya vijito.

Mdudu huzipata metali hizo kwa njia mbili. Vumbi linakaa juu ya mwili wake, na metali nyingine zinaingia ndani pamoja na chakula. Walio hatarini zaidi ni wanaoishi udongoni na kula majani yaliyooza: mende wa nje, mchwa, jongoo, mabuu ya mbawakawa. Mnyama wako anakula wadudu kadhaa kila siku kwa miaka. Kiasi ambacho ni kidogo ndani ya panzi mmoja kinajikusanya kwenye ini, figo na mifupa yake. Ukiosha mdudu, unaondoa vumbi tu. Kumpika au kumgandisha hakupunguzi metali hata chembe.

Jambo hili limepimwa kwa jirani zetu. Kabwe, nchini Zambia, palikuwa na mgodi wa risasi na zinki uliofungwa mwaka 1994. Watafiti waliokamata mijusi wa pori huko, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2020, walikuta kwamba mijusi wa karibu na mgodi walikuwa na risasi nyingi zaidi mwilini kuliko wa mbali. Hawakulishwa na mtu. Walikula tu wadudu wa mahali walipoishi.

Hatari ya pili ni dawa za kuua wadudu, na hii inaua ndani ya saa chache, haingoji miaka. Tangu kiwavijeshi vamizi aingie Afrika mwaka 2016, wakulima wengi wa mahindi wanapulizia dawa mara nyingi kuliko zamani. Mdudu aliyepata dawa mara nyingi haanguki papo hapo. Anachelewa, anakuwa mzito, anayumba, na kwa hiyo ndiye rahisi kukamatwa. Shika sana hilo: mdudu anayekubali kuokotwa bila kukimbia ni mdudu wa kumwogopa. Waliolala chini ya taa asubuhi, mende waliopinduka mgongo jikoni, panzi wanaotetemeka kwenye majani, wote waache.

Ndani ya nyumba pia mna mitego. Chandarua kinachogawiwa kwa ajili ya malaria kimetiwa dawa. Dawa hiyo inafanya kazi nzuri ya kuokoa watoto wetu, na ndiyo maana mustikere ya zamani haifai kabisa kufunika kasha la nyenje wala kizimba cha kinyonga, ingawa nimeona watu wakiitumia hivyo kwa kuwa ni wavu ulio karibu. Tumia wavu wa waya. Bomba la dawa ya mbu na moshi wa spirali navyo visikaribie chumba cha mnyama.

Jambo jingine ni chombo. Watoto wa parseli wakitumwa kutafuta panzi wanachukua bidoni au chupa yoyote wanayoikuta, na chupa ya kwanza kuonekana karibu na shamba mara nyingi ndiyo iliyobeba dawa. Wape wewe chombo, chupa ya maji ya kunywa yenye matundu madogo, na uwaambie wasiguse mdudu wa rangi kali. Ngozi yao ina thamani kuliko chakula cha kinyonga.

Hatua ya 3: Jifunze wale wa kukataa hata wakitoka mahali safi

Wadudu wengine wamebeba sumu yao wenyewe. Kanuni ya jumla ni rangi. Mwenye nyekundu, manjano au chungwa pamoja na nyeusi, anayetembea polepole bila woga mchana kweupe, anatangaza kwamba haliwi. Kinyonga aliyezaliwa na kukulia kizimbani hana uzoefu wa kulielewa tangazo hilo.

Kimulimuli namweka wa kwanza. Huko Marekani mijusi wa kufugwa waitwao pogona, ambao asili yao ni Australia, walikufa baada ya kula vimulimuli. Mmoja tu alitosha. Sumu ya vimulimuli hao ni ndugu wa sumu ya chura na inashambulia moyo. Mnyama hufungua kinywa, hutikisa kichwa, rangi yake inaingia weusi, na mara nyingi ndani ya saa moja au mbili hana uhai. Usisubiri kujua kama vimulimuli vya kwetu vina sumu ya kiasi kile kile. Chochote kinachowaka usiku kisiingie kizimbani.

Wa pili ni panzi wakubwa wa rangi, wale wazito wasioruka mbali, wengine wakitoa povu lenye harufu ukiwashika. Hawa hula mimea yenye utomvu mweupe na mimea mingine michungu, na huhifadhi sumu ya mimea hiyo mwilini. Panzi mwenye mwili wa manjano na nyeusi anayekaa kwa makundi juu ya mihogo na magugu ni wa jamii hiyo. Afrika Kusini madaktari wa mifugo wameandika juu ya mbwa waliodhurika kwa kula panzi wa povu. Kama mbwa anadhurika, kinyonga wa gramu chache ana nafasi gani? Chukua panzi wa kijani au wa kahawia mwepesi wa kuruka, au usichukue kabisa.

Mbawakawa mweusi mwenye mikanda ya manjano au nyekundu, anayeshinda juu ya maua ya bamia na maharage, ana kemikali inayochubua ngozi hadi inatoa malengelenge. Ndani ya tumbo inachubua vivyo hivyo. Yuko pia yule mdudu mwembamba kama punje ya mchele mrefu, mwekundu na mweusi kwa mapande, anayekuja kwenye taa wakati wa mvua. Ukimponda kwenye shingo unaamka na kidonda kama cha kuungua. Wadudu wa taa huja wote kwa pamoja, na ukichota gizani unamchota na huyu.

Wengine nitawataja haraka. Viwavi wenye manyoya au miiba. Viwavi wenye milia walio kwenye mimea ya utomvu mweupe, pamoja na kipepeo wa chungwa anayetokana nao. Wadudu kibibi, wale wadogo wa duara wenye madoa. Kunguni wa majani wanaonuka. Nyuki, nyigu, nge na tandu. Siafu ni hatari kwa namna nyingine: wakiingia kizimbani usiku wanamla mnyama akiwa hai, kwa hiyo miguu ya meza ya kizimba ikae ndani ya vikopo vya maji.

Na inswa? Inswa safi, aliyetoka kichuguuni mbali na dawa na mbali na kiwanda, hana sumu. Ni mafuta mengi na kalsiamu kidogo. Wachache kwa wiki, waliotolewa mabawa, ni sawa. Wa sokoni waliokaangwa na kutiwa chumvi ni chakula chetu, si chake.

Hatua ya 4: Elewa jinsi minyoo inavyosafiri

Baadhi ya minyoo ya reptilia (kinyonga, mjusi, kobe na jamaa zao) haiwezi kumaliza maisha yake bila kupitia ndani ya mdudu. Mende au nyenje anakula choo cha mjusi wa pori, anameza mayai, na mabuu ya minyoo yanajifunga ndani ya mwili wake yakisubiri. Mjusi mwingine akimla, minyoo inakua tumboni. Iko ya tumbo, iko tegu inayopitia kwa mbawakawa, na iko ile inayopitia kwa mende na kwenda kukaa kwenye mapafu ya mijusi wa ukutani. Hii ya mwisho inanihangaisha zaidi, kwa sababu nyumba zetu zimejaa mijusi wa ukutani na mende, wanaishi pamoja nyuma ya kabati moja, na mende wa jikoni ndiye anayeonekana kuwa chakula rahisi kuliko vyote.

Hapa ndipo watu huuliza: je, porini kinyonga hali wadudu hao hao? Anakula, na karibu kila reptilia wa porini ana minyoo. Lakini wa porini anahama. Choo chake kinaanguka chini ya mti mmoja, naye kesho yuko kwenye mti mwingine. Anachagua mdudu mmoja na kumwacha mwingine, anaota jua saa anayotaka, na nguvu zake za kujikinga ziko kamili. Wa kizimbani analala na choo chake, nyenje aliyebaki anakula choo hicho usiku, na asubuhi kinyonga anamla nyenje huyo. Minyoo michache iliyokuwa inavumilika inaongezeka. Tena wale wanaokufa porini kwa sumu au minyoo hatuwaoni, tunawaona waliopona tu, ndipo tunadhani chakula cha porini hakina lawama.

Hatua ya 5: Fuga nyenje wako

Nyenje mweusi wa Afrika, Gryllus bimaculatus, mwenye madoa mawili mepesi mwanzo wa mabawa, anafaa sana. Anazaa haraka, hajui kupanda plastiki laini, na chakula chake ni cha kawaida.

Utasema: nitampata wapi nyenje wa kwanza kama si porini? Kweli, wazazi wa kwanza wanaweza kutoka porini. Siri ni kwamba hao wazazi mnyama wako hawali kamwe. Unawataka kwa ajili ya mayai. Mabuu ya minyoo yaliyojifunga ndani ya mama hayapiti kwenye yai, na nyenje anayekua kuanzia yai kwa chakula safi hana historia ya vumbi wala dawa. Kizazi kinachoangulika nyumbani ndicho chakula.

Tafuta madume na majike watu wazima, kama kumi na tano hivi, mbali na mashamba yaliyopuliziwa na mbali na upande wa kiwanda. Jike utamtambua kwa sindano ndefu nyuma ya tumbo, anayotagia. Dume ndiye anayelia. Waweke kwenye ndoo pana au kasha la plastiki lenye kuta laini za angalau sentimita 40. Kata dirisha kwenye kifuniko na ulibandike wavu wa waya mwembamba. Ndani panga trei za karatasi za mayai zikisimama wima, ili wapate pa kujificha. Wakikosa nafasi wanakulana.

Chakula kiwe pumba za mahindi zilizo kavu zisizo na ukungu, pamoja na chakula cha vifaranga kisichotiwa dawa. Kwa majimaji, kipande cha karoti, boga au papai, kikitolewa kabla hakijaoza. Lengalenga na matembele ni majani mazuri, lakini yaulize yametoka bustani gani. Mboga zinazomwagiliwa kwa maji ya vijito vilivyo chini ya kiwanda zinanyonya metali ndani ya jani lenyewe, na kuosha hakuzitoi. Sombe mbichi usiwape: jani bichi la muhogo likitafunwa linatoa sayanidi, ndiyo sababu mama zetu wanaitwanga na kuichemsha muda mrefu. Maji wape kwenye kifuniko cha chupa chenye pamba, wasizame.

Pa kutagia: bakuli dogo lenye pamba nzito iliyoloweshwa kwa maji ya kunywa, au mchanga uliochemshwa. Napendelea pamba, kwa sababu mchanga wa mjini hujui umetoka wapi. Weka bakuli kwa siku mbili au tatu, kisha litoe, lifunike kwa plastiki yenye matundu machache, na uliweke mahali pa joto. Pamba isikauke. Kwenye nyuzi 28 hadi 30 za sentigredi mayai huangulika kati ya siku 10 na 14, na vinyenje vinafika utu uzima kwa wiki 6 hadi 8. Hamishia vinyenje kwenye kasha jipya, safi, ambalo wazazi wa porini hawajawahi kuingia. Ukishapata mabakuli mawili au matatu ya mayai, wazazi warudishwe walikotoka au wapewe kuku.

Shida ya Lubumbashi ni mwezi wa sita na wa saba. Usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, nyenje wanaganda mahali pamoja na mayai yanachelewa au kufa. Balbu ingetosha, ila umeme hautabiriki. Kinachofanya kazi ni kuweka kasha ndani ya katoni kubwa, kujaza gunia au magazeti pembeni, na jioni kuingiza chupa mbili za maji ya moto kati ya katoni na kasha. Usiweke mbabula yenye makaa kwenye chumba kilichofungwa kwa ajili ya nyenje. Moshi ule usioonekana unaua watu, na mapafu ya reptilia ni dhaifu pia. Kabla ya baridi kuingia, zidisha mayai mwezi wa tatu na wa nne ili uwe na akiba.

Sheria moja ya kasha isivunjwe na mtu yeyote nyumbani: nyenje aliyeingia kizimbani kwa mnyama harudi kamwe kwenye kasha la uzazi. Amekwisha kutembea juu ya choo. Akibaki jioni, mtoe na mpe kuku. Akiachwa usiku anaweza pia kumng'ata kinyonga aliyelala, machoni na kwenye vidole.

Safisha kasha kila wiki mbili kwa maji ya moto na sabuni kidogo, suuza sana, anika juani. Taka za kasha mwaga mbali na kizimba. Wadudu wadogo wa ukungu wakitokea, maana yake pumba zimelowa.

Hatua ya 6: Mlishe nyenje kabla ya kumlisha mnyama

Nyenje, hata aliyefugwa vizuri, ana kasoro kubwa: fosforasi yake inazidi kalsiamu mara nyingi, wakati reptilia anahitaji kalsiamu iwe sawa na fosforasi au hata mara mbili yake. Mnyama anayekula nyenje watupu huchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake. Taya linalainika, miguu inapinda, kinyonga anashindwa kushika tawi, ulimi haufiki.

Siku moja kabla ya kuwalisha, wape nyenje unaotaka kutumia majani ya kijani kwa wingi, matumbo yao yajae. Kisha watie kwenye mfuko wenye unga wa maganda ya mayai na utikise kidogo hadi wapakike weupe. Unga huo unautengeneza hivi: osha maganda, ondoa ngozi ya ndani, chemsha dakika 10, kausha juani hadi yavunjike kwa vidole, twanga na chekecha kwa kitambaa hadi ulainike kama unga wa ngano. Zaidi ya theluthi moja ya uzito wa ganda ni kalsiamu. Kwa wanyama wachanga wanaokua, wapake nyenje unga huo karibu kila mlo; kwa wanyama wazima, mlo mmoja kati ya miwili.

Kalsiamu haifanyi kazi bila jua. Mtoe mnyama nje kizimbani, sehemu yenye jua na kivuli, asubuhi. Jua la dirishani halihesabiki, kioo kinazuia miale inayotengeneza vitamini D.

Ukubwa wa mdudu usizidi nafasi iliyo kati ya macho ya mnyama. Mtoto alishwe kila siku, kinyonga mzima siku moja na kupumzika moja.

Hatua ya 7: Nyenje wakiisha na mnyama ana njaa

Itatokea. Kinyonga mzima mwenye afya anaweza kukaa siku kadhaa bila kula akipata maji, kwa hiyo usikimbilie taa ya jirani usiku wa kwanza. Ikibidi kabisa, nenda mchana kwenye nyasi mbali na barabara, mbali na shamba la mtu na mbali na upande wa kiwanda. Chukua panzi wadogo wa kijani wanaokimbia kwa nguvu. Waache siku mbili na majani safi, na umtupe yeyote anayetetemeka au kufa. Hiyo inasafisha utumbo wao na kukuonyesha waliopata dawa. Mabuu ya minyoo yanabaki, metali zinabaki. Kugandisha siku kadhaa kwenye friji yenye baridi kali kunaua minyoo mingi, lakini kinyonga hataki mdudu aliyekufa, na umeme ukikatika usiku kazi yote imeharibika. Kwa kobe wa bawaba njia hiyo inaweza kusaidia.

Hatua ya 8: Akionekana amekula sumu

Dalili za dawa za wadudu ni kutetemeka, mate mengi, misuli kukakamaa, kupinduka. Dalili za mdudu mwenye sumu ni kufungua kinywa, kujaribu kutapika, rangi kuwa nyeusi, kulegea ghafla.

Toa wadudu wote kizimbani. Kama kuna mabaki mdomoni, yaondoe kwa pamba yenye maji, kichwa kikielekea chini asipaliwe. Usimpe maziwa. Usimpe mafuta ya mawese. Najua ndivyo wengi wanavyofanya kwa mtu aliyekula sumu, lakini reptilia hawezi kumeng'enya maziwa, na mafuta yanaingia kwenye mapafu. Muweke kwenye kisanduku chenye giza na joto la wastani, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo, anza kuulizia huko. Beba mdudu aliyebaki ndani ya chupa, au jina la dawa iliyopuliziwa. Kwa aina fulani za dawa daktari anayo atropini, na kujua jina mapema kunaokoa muda ambao mnyama hana.

Hatua ya 9: Pima choo

Kama umewahi kumlisha wadudu wa kuokota, peleka choo kipimwe, kisha rudia kila miezi sita. Chukua kilichotoka siku hiyo, weka kwenye kichupa safi chenye kifuniko, kiwe mahali pa baridi bila kugandishwa, na kifike maabara ndani ya siku moja. Mwambie daktari ni mnyama gani hasa na amekula nini. Kupungua uzito huku anakula vizuri, choo chenye harufu kali au kamasi, na kupumua kinywa kikiwa wazi ni sababu za kwenda bila kungoja miezi sita ifike.

Dawa ya minyoo usinunue mwenyewe sokoni ukakadiria kwa macho. Kipimo kinategemea uzito wa gramu, na ivermektini, ambayo wafugaji wa mbuzi na ng'ombe wanaijua vizuri na inapatikana kwa urahisi, inaua kobe. Kobe asipewe hata tone. Kama anayekuhudumia anataka kumchoma sindano hiyo, mzuie, na uombe dawa nyingine ya minyoo inayofaa kobe.